Pale Kwenye Matembele

Ziwa lilipanda polepole, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Mwezi wa kumi na mbili lilikuwa bado chini ya mawe ya kufulia. Mwezi wa kwanza likayameza mawe. Na Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 1998, Yeremia Shigela alipokwenda kutupa taka za asubuhi, alilikuta limeingia ndani ya shimo la kituo cha afya.

Kituo chenyewe kilikuwa Mwabulunda, ng'ambo ya Mwanza, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kivuko cha Kamanga. Kilikuwa na wodi ya wazazi yenye vitanda sita, tangi la maji lililokauka zamani, na mhudumu mmoja wa taka, ambaye ndiye huyo Yeremia. Siku hizo matibabu yalikuwa ya kuchangia. Mjamzito alikuja na glavu zake, wembe wake na mafuta ya taa ya karabai, na akisahau kimoja alirudishwa nyumbani kukifuata, uchungu ukiwa umeshaanza. Taka peke yake hazikuchangiwa, kwa hiyo hakuna aliyezifikiria. Zilikwenda shimoni zote: bandeji, chupa za dripu, sindano, makondo ya uzazi, na wale vichanga waliozaliwa bila pumzi ambao ndugu hawakuwachukua. Habari ya hao haikusemwa. Yeremia aliwabeba katika ndoo ya bati yenye kifuniko, akawashusha, akawamwagia chokaa kama ipo, na majivu kama haipo.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Kila alipofika shimoni alivua kofia. Jua liwake, mvua inyeshe, ile kofia yake ya njano ya chama cha ushirika ilitoka kichwani.

"Yeremia anaamkia shimo," wauguzi walisema. Yeye alicheka pamoja nao, na kesho yake akaivua tena.

Asubuhi ile aliivua, akasahau kuirudisha. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Chupa mbili za dripu zilielea, na bandeji moja ilikuwa imeshatoka nje, inavutwa na wimbi kuelekea mahali ambapo wanawake watatu walikuwa wameinama na ndoo zao.

"Tokeni hapo!" alipiga kelele. "Msichote hapo!"

Mmoja wao alikuwa Getruda, jirani yake, mwenye mimba ya miezi minane. Alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Tutoke twende wapi, Baba Winnie? Umenunua ziwa?"

"Choteni kule nyuma ya majabali."

"Na tumbo hili nipande majabali? Kwa nini?"

Yeremia aliitazama ile bandeji. Angeweza kusema. Lakini kumwambia Getruda kilichomo shimoni ilikuwa ni kumwambia nani yumo, na hilo mwanaume hamwambii mke wa mtu.

"Kwa sababu nimesema," alijibu.

Wanawake wakacheka sana. Getruda akajaza ndoo yake, akaitwika, akaenda zake.

&nbsp;

Mganga mfawidhi, Bwana Josephat, hakucheka. Kipindupindu kilikuwa kimetajwa redioni mwezi mzima, na viwanda vya samaki kule mjini vilikuwa vinalia kwamba Wazungu wamekataa minofu yao. Aliandika barua siku ile ile. Jibu lilikuja Jumatano kwa mkono wa dereva. Lichimbwe shimo jipya, kina cha mita tatu, hatua sitini kutoka majini. La zamani lifukiwe. Bibi Afya wa mkoa angekuja Ijumaa ya wiki itakayofuata kulikagua, na asipoliona, wodi ya wazazi ingefungwa.

"Wazazi watakwenda wapi?" Yeremia aliuliza.

"Barua haisemi. Nadhani wataogelea mpaka Mwanza." Josephat aliikunja barua. "Nawe ujue, Yeremia. Wanatafuta watu wa kupunguza kazini. Wodi ikifungwa, mtu wa kubeba ndoo atakuwa wa nini?"

Siku tatu Yeremia alizunguka na mtaimbo begani. Mwabulunda ni mawe, na udongo uliopo umewekwa juu yake kama shuka fupi kitandani. Alipima nyuma ya ofisi ya kijiji, mtaimbo ukalia. Akapima karibu na kanisa, ukalia. Akapima kando ya njia ya ng'ombe, ukazama mpaka magotini, akafurahi, kisha ukalia. Popote penye udongo wa kina palikuwa chini, ufukweni, na huko ndiko walikokuwa wanakimbia.

Mahali pamoja tu mtaimbo ulizama wote. Palikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kwenye kishamba ambacho mke wake, Evelina, alilima mihogo. Katikati ya mihogo kulikuwa na sehemu ndogo, upana wa mikeka miwili, ambayo Evelina hakuigusa kwa jembe. Aliacha matembele yatambae, akachuma majani ya mboga, viazi vyenyewe hakuvichimba kamwe. Yeremia alikuwa amemtania miaka mingi kwa ajili ya viazi hivyo. Alisema mke wake anawalimia fuko.

Alisimama kwenye matembele, akauvuta mtaimbo kutoka ardhini, akaona umetoka na udongo mwekundu, laini, mpaka juu. Jumatatu, kwenye kamati ya afya, alinyoosha mkono kabla hajaulizwa.

"Natoa shamba langu," alisema.

Wakampigia makofi. Mtendaji wa kijiji, Bwana Maige, alisema huo ndio uzalendo, akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu. Yeremia alirudi nyumbani kifua mbele.

&nbsp;

Evelina alikuwa anapepeta mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umesimama mikononi.

"Umewapa nini?"

"Shamba. Kipande tu. Pale kwenye matembele."

Ungo ulishuka chini na mchele ukamwagika. Hakuuokota.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, Mama Winnie? Nimeshasema mbele ya watu."

"Nenda kaseme tena mbele ya watu kwamba umekosea."

"Kwa ajili ya viazi usivyovila?"

"Mihogo haijakomaa."

"Sijasema mihogo, nimesema matembele!"

"Na mimi nimesema hapana."

Yeremia hakuamini masikio yake. Huyu ndiye mwanamke aliyepeleka uji wodini kwa wazazi wasio na ndugu, bila kutumwa na mtu. Alimtazama usoni, akaona uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Alijaribu kumweleza habari ya maji, ya Getruda, ya kupunguzwa kazini. Akamwambia kwamba shimo la zamani halina siku nyingi. Alipofika hapo alikatisha maneno akageukia ukutani, na Evelina alidhani ni hasira.

Usiku walikula, kila mmoja akitazama sahani yake. Binti yao Winnie, mwenye miaka kumi, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamaliza ugali wake haraka akatoka.

&nbsp;

Kesho yake alikuja Maige na Josephat. Waliketi kwenye viti viwili vya nyumba, Evelina akaketi mkekani.

"Shemeji, tumesikia una neno," Maige alianza.

"Sina neno. Shamba sitoi."

"Tunaelewa. Jasho la mtu ni jasho. Kamati imefikiria fidia ya mazao, shilingi elfu tano."

"Siuzi."

Maige alimtazama Josephat, Josephat akaitikia kwa kichwa.

"Elfu nane."

"Bwana Mtendaji, nimesema siuzi."

"Shemeji, hii ni mali ya umma tunaizungumzia, si gulio. Elfu kumi, na hapo nachukua kwenye fungu la madawati."

Aibu ilimpanda Evelina mpaka masikioni. Kama angetaja sababu wangenyamaza wote na kuondoka. Hakuitaja. Aliinamisha kichwa akachezea ukili wa mkeka, na wale wanaume wawili wakaona kwamba anangoja elfu kumi na mbili.

Mpaka mchana habari ilikuwa imefika ziwani. Alipokwenda kuchota maji, mazungumzo yalikatika. Getruda ndiye aliyemsemesha, tena bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma.

"Evelina, dada yangu. Mimi nimebakiza wiki nne. Yule wa kwanza nilimpoteza hapa hapa kituoni, unakumbuka. Wakifunga wodi, huyu nitamzalia kwenye kivuko katikati ya ng'ombe na magunia?"

Evelina akajitwika ndoo ikiwa nusu, akaondoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa bibi Ng'washi, aliyekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kabla hajastaafu, akamkuta mlangoni anaanika dagaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nimesikia. Umekuja kuniuliza kama useme."

"Ndiyo."

"Usiseme. Mtoto asiyelia huzikwa na wanawake, na mwanaume haonyeshwi mahali. Akionyeshwa, tumbo linafunga. Hutapata mwingine."

Evelina alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mayu, limeshafunga. Miaka sita."

Bibi Ng'washi aliokota jani kavu katikati ya dagaa, akalitupa.

"Baba Winnie anadhani tulimpeleka wapi?" Evelina aliuliza.

"Hajaniuliza."

"Hata mimi hajaniuliza."

Alirudi nyumbani akiwa na uamuzi wake. Angekaa kimya, waseme watakavyo. Tumaini la mtoto mwingine lilikuwa dogo sana, lakini lilikuwa lake, na wanawake wanaojua tumaini la namna hiyo watamwelewa.

&nbsp;

Jumatano asubuhi alimwona Yeremia kwa mbali. Alikuwa amesimama ndani ya shimo la zamani, maji kiunoni, ile kofia ya njano imewekwa vizuri juu ya jiwe. Alikuwa na ndoo. Alichota, akamwaga nje. Akachota tena, akamwaga. Maji aliyoyamwaga yalikaa kidogo juu ya tope kisha yakarudi yalikotoka.

Evelina alitelemka mbio.

"Baba Winnie! Unafanya nini?"

"Nakausha."

"Unakausha ziwa?"

Alichota akamwaga.

"Toka humo. Kuna sindano humo, kuna kichocho. Toka!"

"Siwezi kumwacha."

"Kumwacha nani?"

Yeremia alisimama. Alimtazama mke wake kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake.

"Mtoto wetu, Evelina. Si yumo humu?"

Evelina alisogea mpaka ukingoni.

"Nilimbeba mwenyewe," Yeremia aliendelea. Sasa maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. "Mwaka tisini na mbili. Ng'washi alinipa ndoo mlangoni pa wodi, akasema peleka, usifungue. Nikapeleka. Sikufungua. Miaka sita napita hapa kila siku, na kila siku namvulia kofia, maana sina kingine cha kumpa. Sasa maji yanamchukua, tena anakwenda kwenye ndoo za watu. Nimetafuta mahali pa kumhamishia, nimepapata, na wewe unaninyima. Kwa ajili ya mihogo!"

Evelina aliketi kwenye tope na khanga yake safi. Aliitazama ile kofia juu ya jiwe, akaiona kama hakuwahi kuiona. Miaka sita alikuwa amemtazama mume wake kutoka uani akiivua.

"Nilidhani ni joto," alisema.

"Joto gani?"

"Hayumo humo, Baba Winnie." Alisema polepole, akilisikia kila neno linavyomtoka na tumaini lake linavyolifuata. "Hakuwahi kuwamo. Ndoo ile ilikuwa na kondo na vitambaa. Mtoto alitolewa kwa mlango wa nyuma. Ng'washi na mama yako walimviringisha kwenye khanga yangu ya bluu. Wakamzika nyumbani. Pale kwenye matembele."

Ndoo ilimponyoka Yeremia, ikajaa, ikazama.

"Mama yangu alijua?"

"Yeye ndiye aliyechimba."

"Amekufa hajaniambia."

"Si jambo la kumwambia mwanaume. Na wewe hukuuliza."

"Si jambo la kuuliza."

Yeremia alianza kulia waziwazi, maji kiunoni, kama watu wanavyolia msibani, na ulikuwa msiba kweli, umechelewa miaka sita. Evelina alimpa mkono kumtoa. Walipoketi wote wawili kwenye tope, alimfuta uso kwa pindo la khanga, akazidi kumpaka tope, na hilo likamchekesha, akalia naye.

Baada ya muda Yeremia aligeuka akalitazama tena shimo.

"Wetu hayumo," alisema. "Lakini wa watu wamo. Nimebeba kumi na mmoja. Wa Getruda yumo, yule wa kwanza."

"Getruda anajua?"

"Nani aliwahi kuniuliza?"

Evelina aliinuka, akajikung'uta.

"Kamwite Maige. Nitawaonyesha pa kuchimba."

&nbsp;

Aliwaonyesha pembeni kabisa, kwenye kona ya juu ya shamba, ambako mihogo yenyewe ilikuwa dhaifu. Vijana wa kijiji walipochimba kufika kina cha kifua, mtaimbo ulilia. Maige alivua miwani.

"Shemeji, hatua saba tu hapo chini udongo ni kama unga. Mume wako amepima."

"Nimekosea kupima," Yeremia alidakia.

"Umekosea vipi na—"

"Bwana Mtendaji, chimbeni hapa au msichimbe kabisa," Evelina alimkatiza. "Na pesa yenu nunueni madawati."

Wakafanya kama wanavyofanya watu wa mawe. Walishusha kuni na tairi bovu juu ya jabali, wakawasha moto, wakauacha uwake usiku kucha, kisha wakamwaga maji ya baridi. Jabali likalia likapasuka. Wakatoa vipande kwa nyundo na mtaimbo, wakawasha tena. Moshi mweusi wa tairi uliingia wodini na Josephat akaja kufoka, kisha akavua koti akashika nyundo. Alhamisi jua lilipokuwa linashuka, shimo lilikuwa limefika mita tatu kasoro kiganja, na Yeremia alitelemka peke yake akakimaliza kile kiganja.

Shimo la zamani lilihitaji kuzungushiwa ukuta wa mawe na kufukiwa, na vijana wote walikuwa kwenye jabali. Evelina hakumtangazia mtu. Alimweleza Getruda peke yake, nyuma ya nyumba, maneno machache. Getruda hakulia. Aliuliza tu, "Kumbe hapo?" kisha akageuka kulitazama ziwa. Mchana huo alionekana anashuka na jiwe kichwani, tumbo mbele, akilitua taratibu kwenye ukingo wa shimo.

"Mama, acha, utaumia," Yeremia alimkimbilia.

"Niache, Baba Winnie."

Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine, kisha mwingine. Yeremia hakujua ni nani aliyewaambia. Aliwafahamu wengine wao, maana aliwahi kupita mlangoni kwao wakiwa wamelala wodini na yeye ameshika ndoo. Wengine hawakuwa na mtu humo, walikuja tu. Mawe waliyokuwa wakiyalaani maisha yao yote waliyabeba kwa mikono miwili, na hakuna aliyelitupa lake.

&nbsp;

Ijumaa Bibi Afya alifika kwa gari la mkoa, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, jina lake Bibi Justa. Alipima kina kwa kamba, akapima umbali mpaka majini, akauliza habari ya kifuniko, akaambiwa saruji imeahidiwa na Bwana Aftab mwenye duka pale kivukoni. Aliandika. Alikwenda kuliona la zamani, akazunguka ukuta wa mawe, akaandika tena. Wodi isingefungwa.

Aliporudi alisimama kwenye mihogo, akachomeka fimbo ya kupimia kwenye matembele. Ilizama bila shida.

"Mbona mmejitesa?" aliuliza. "Mmepasua jabali siku mbili, na hapa udongo ni laini hivi. Mlishindwa kuona?"

Maige alikohoa. Josephat alifungua faili, akalifunga. Evelina alitazama chini, mikono imeshika ncha za khanga.

Yeremia alivua kofia.

"Hapo pana mtoto wetu," alisema.

Bibi Justa aliichomoa fimbo polepole. Alifukia kale katundu kwa vidole vyake mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kwa uangalifu, akipita pembeni ya majani. Hakuandika kitu.

Gari lilipoondoka na watu kutawanyika, mume na mke walibaki pale shambani. Kofia ilikuwa bado mkononi. Yeremia alichuchumaa, akanyoosha jani moja la tembele lililokuwa limekunjwa na fimbo.

"Evelina," aliita, na hakumwita Mama Winnie. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Evelina alichuchumaa karibu naye. Miaka sita alikuwa na jibu hilo mdomoni.

"Wa kike," alisema. "Mama yako alisema ana paji lako."